Riziki Haina Mlango Mmoja: Makosa Tunayoyafanya Tunapopanga Kazi za Baadaye

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, Mwenye kuruzuku bila ya hesabu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba zake na wote wanaofuata nyayo zao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Kaka na dada zangu wanachuo,

Nawaandikia kutoka Juba, mji nilikokulia, nikiwa likizoni. Nasoma masomo ya Kiislamu, mwaka wa tatu. Nimechagua kuzungumzia jambo linalotukosesha usingizi wengi wetu kadiri mahafali yanavyokaribia: tutafanya kazi gani, na tunaipangaje. Kwa nini nianzie Juba? Kwa sababu yaliyoupata mji huu katika miaka michache iliyopita yameonyesha wazi makosa ambayo kwingineko huenda yakajificha muda mrefu. Anayesoma Kampala, Nairobi, Dar es Salaam au Zanzibar ayasome kama habari ya ndugu zake, kisha ajitazame mwenyewe.

Kosa la kwanza: Kuushika mlango na kumsahau Mwenye nyumba

Kwa miaka mingi kijana wa Juba aliyemaliza chuo alikuwa na milango miwili mbele ya macho yake: serikali na mashirika ya misaada.

Serikali ya Sudan Kusini inategemea mafuta kwa takriban asilimia 90 ya mapato yake, na mafuta hayo hupita kwenye mabomba yanayovuka nchi ya Sudan hadi Port Sudan, katika Bahari ya Shamu. Tarehe 15 Aprili 2023 vita vikaanza Sudan. Mapema mwaka 2024 bomba linalobeba sehemu kubwa ya mafuta hayo likapasuka ndani ya eneo la mapigano, na kwa takriban mwaka mzima mafuta yake hayakufika bandarini. Walimu, wauguzi, askari na makarani wakakaa miezi mingi bila mshahara.

Vijana wakasema: basi afadhali mashirika, hao hulipa kwa dola. Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika tarehe 1 Julai mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limeacha kazi hiyo kabisa. Hapa Juba miradi ikafungwa na watu wakapewa barua. Binamu yangu, aliyekuwa akilisha nyumba ya watu 11 kwa mshahara wa shirika moja, alipokea yake. Ilikuwa ukurasa mmoja.

Milango miwili imetikisika ndani ya miaka miwili. Sisemi kwamba aliyeajiriwa serikalini au kwenye shirika amefanya kosa. Hiyo ni kazi ya halali, na anayeifanya kwa uaminifu ana malipo yake kwa Allah. Kosa ni kuufunga moyo kwenye mlango mmoja mpaka ukifungwa tunahisi mbingu imefungwa. Katika sura ya Hud, aya ya 6, Allah ametufahamisha kuwa hakuna kiumbe kitembeacho ardhini ila riziki yake iko juu Yake. Na katika sura ya Talaq, aya ya 2 na ya 3, amemuahidi mwenye kumcha kuwa atampa njia ya kutokea, na kumruzuku kwa namna asiyoitazamia. Hakutajwa mwajiri hata mmoja kwa jina.

Kwa mpangaji wa kazi, maana yake ni hii. Usijiulize tu nani ataniajiri. Jiulize: ni haja gani ya watu nitaiweza, ambayo itabaki hata mwajiri akiondoka? Shirika limeondoka, lakini wajawazito wa Gudele hawakuondoka, na mkunga anayeijua kazi yake bado anahitajika. Mradi umefungwa, lakini giza la usiku halikufungwa, na fundi wa umeme wa jua bado anaitwa.

Kosa la pili: Kuuita uvivu tawakkul

Wapo watakaosoma maneno hayo waseme: kama riziki iko kwa Allah, ya nini kupanga? Hili nalo ni kosa, na limejificha ndani ya kanzu.

Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mtu kama amwache ngamia wake bila kumfunga kisha amtegemee Allah, alimwelekeza amfunge kwanza, ndipo ategemee. Hadithi hii ameipokea Tirmidhi. Na yeye ndiye aliyetufundisha mfano wa ndege, ambao hutoka asubuhi na matumbo matupu na kurudi jioni wameshiba. Tazama vizuri: ndege wale wametoka. Hawakubaki kiotani wakisubiri mdudu aingie.

Tazama pia safari ya Hijra. Madina iko kaskazini ya Makka, lakini Mtume (S.A.W.) na Abu Bakr (R.A.) walianza kwa kuelekea kusini, kwenye pango la Thaur, wakakaa humo siku tatu. Abdullah bin Abi Bakr alikuwa akiwaletea habari za mji. Asma bint Abi Bakr alitayarisha chakula. Amir bin Fuhayra alipitisha kondoo zake karibu nao. Na mwongozaji wa njia, Abdullah bin Uraiqit, alikodiwa kwa ustadi wake ingawa hakuwa Mwislamu. Kila mtu na kazi yake, kila kazi na wakati wake. Kisha maadui walipofika mpaka mlangoni mwa pango, Mtume (S.A.W.) akamtuliza mwenzake kwamba Allah yuko pamoja nao. Mpango na tawakkul vilikaa pango moja.

Basi mwanachuo ambaye yuko mwaka wa tatu, hajui fani yake inahitaji leseni gani, hajui maombi ya mafunzo kazini hufungwa lini, hajawahi kuzungumza na mtu hata mmoja anayeifanya kazi anayoitamani, asiseme kuwa anatawakali. Hajamfunga ngamia.

Kosa la tatu: Kuchagua fani kwa jina lake

Mimi nikikutana na mtu mzima hapa Juba, iwe Munuki au Kator, nikishamwamkia na kumjulia hali, swali linalofuata ni moja: ukimaliza hiyo dini, mwanangu, utaajiriwa wapi? Hawaulizi kwa ubaya. Wameona mengi. Lakini ukilitazama swali hilo, haliulizi utafanya nini wala utamfaa nani. Na wengi wetu tumechagua fani kwa swali hilohilo: ipi ina jina, ipi ina ofisi, ipi itamfanya mama atembee kifua mbele harusini.

Mrudie Nabii Yusuf (A.S.). Katika sura inayoitwa kwa jina lake, aya ya 55, alimwomba mfalme amweke juu ya hazina za nchi, akataja sababu mbili: kwamba yeye ni mlinzi mzuri na ni mwenye ujuzi. Alifikaje hapo? Alianza kwa kuielewa haja ya nchi, kuwa miaka saba ya neema itafuatwa na miaka saba ya ukame. Akaonyesha namna ya kuhifadhi nafaka. Akajipima kama anaweza. Cheo kilikuja mwisho. Sisi tunakianza cheo, halafu tunatafuta ujuzi wa kukibandika juu yake.

Ukiitazama Juba kwa jicho la Yusuf utaona mengi. Mto Nile unapita ubavuni mwa mji, lakini nyanya, vitunguu na mayai huja kwa malori kutoka Uganda kupitia Nimule. Mto umejaa maji, na mitaa mingi hununua maji kutoka kwenye malori ya matangi. Hapa pana kazi ya mtaalamu wa kilimo, wa maji, wa uhifadhi wa chakula, wa hesabu za biashara. Lakini ukimwambia mwanachuo asome kilimo, anahisi umemtukana.

Na mimi, jibu langu kwa wazee ni hili. Sina jina la mwajiri la kuwatajia, lakini haja nimeziona. Wapo watoto wa Kiislamu wanaohitaji mwalimu atakayewafundisha dini kwa lugha wanayoielewa. Wapo wafanyabiashara wa soko la Konyo Konyo wanaotaka kutoa zaka na hawajui waihesabu vipi bidhaa iliyo dukani na deni lililo nje. Zipo familia zinazogombana juu ya mirathi kwa sababu hakuna wa kuzigawia. Kwa hiyo, pamoja na fiqhi, nimeanza kujifunza uhasibu jioni. Anayesoma fani nyingine naye ana haja zake za kuzitazama.

Vipi kuhusu wazazi wanaotulazimisha? Utii kwa mzazi ni wajibu mkubwa, lakini kutii si kunyamaza. Mweleze kwa adabu, wakati moyo wake umetulia, si siku anapodai ada. Mwonyeshe watu wanaoishi kwa fani hiyo. Ikiwa neno lako ni dogo mbele yake, mwombe mjomba au sheikh anayemheshimu akuzungumzie. Nao wazazi wengi hawakatai fani, wanaogopa njaa. Ukiwaonyesha kuwa umeifikiria hiyo njaa, nusu ya ubishi huisha.

Kosa la nne: Kungoja cheti na kuidharau mikono

Tunadhani kazi huanza siku ya kuvaa joho. Kabla ya hapo tunakaa, na kazi za mikono tunawaachia wengine.

Mtume (S.A.W.) alichunga kondoo wa watu wa Makka kwa ujira. Alitufahamisha kuwa Nabii Daud (A.S.) alikula kutokana na kazi ya mikono yake, na kuwa Nabii Zakaria (A.S.) alikuwa seremala. Akasema kuwa mtu kuchukua kamba yake na kubeba kuni mgongoni akaziuze ni bora kwake kuliko kuwaomba watu. Mitume hawakuona aibu, sisi tunaiona wapi?

Abdurrahman bin Auf (R.A.) alipofika Madina akiwa muhajiri, Saad bin Rabi'i (R.A.) alitaka kumpa nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko. Akatoka, akarudi na jibini na samli alizozipata kwa biashara. Alianza na kidogo, na baadaye akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa umma huu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kuinama kwetu kunaweza kuwa hivi: kujitolea likizoni katika zahanati, shule, karakana au duka la mtu anayeijua kazi, kuwafundisha watoto wa mtaani hesabu, kutunza daftari la mauzo la muuza nguo. Ukimaliza chuo, hutakuwa na cheti peke yake. Utakuwa na watu wanaoweza kusema: huyu namjua, nilimpa kazi akaifanya.

Na usidharau lugha. Mtume (S.A.W.) alipohitaji mtu wa kuaminika wa kumsomea barua za Mayahudi, alimwagiza kijana, Zaid bin Thabit (R.A.), ajifunze maandishi yao, na katika mapokezi ya Tirmidhi aliyaweza kwa takriban nusu mwezi. Hapa Juba, Kiarabu cha Juba ni lugha ya mtaa na soko. Kiingereza ndiyo lugha rasmi ya kazi kwa mujibu wa katiba ya mpito ya 2011. Na tangu Sudan Kusini ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Kiswahili ni lugha ya majirani zetu na ya madereva wanaoleta shehena kutoka Mombasa. Anayezijua zote tatu ana milango mitatu, na hakuna wa kumnyang'anya ufunguo. Kumbukeni, Chuo Kikuu cha Juba chenyewe kilihamishiwa Khartoum mwaka 1989 kwa sababu ya vita. Majengo yalibaki, lakini kila mwanafunzi alikwenda na alichokuwa nacho kichwani.

Kosa la tano: Kuitafuta halali kwa njia ya haramu

Hapa ndipo mtihani unapouma. Mwenzangu mmoja aliomba nafasi katika ofisi moja, akaambiwa sifa anazo ila alete chai. Mwingine aliulizwa kwanza ni wa ukoo gani. Mwingine alishauriwa aongeze daraja kwenye cheti chake, kwani nani atakagua?

Katika sura ya Qasas, aya ya 26, binti wa mzee wa Madyan anamshauri baba yake amwajiri Musa (A.S.), akieleza kuwa mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Nguvu ni uwezo wa kazi. Uaminifu ni amana. Musa alikuwa mgeni, mkimbizi, hana ukoo katika mji ule wala senti mfukoni. Alijulikana kwa kuwanywesheza wanyama wa wanawake wawili bila kudai malipo. Hiyo ndiyo iliyokuwa barua yake ya maombi.

Rushwa Mtume (S.A.W.) ameilaani, kwa mtoaji na kwa mpokeaji. Najua swali litakalofuata: je, aliyezuiliwa haki yake na hana njia nyingine? Wanazuoni wamelizungumzia hilo, na wapo waliosema kuwa anayelazimika kulipa ili kuondoa dhuluma na kuipata haki iliyo yake kweli, dhambi iko kwa mpokeaji. Lakini usijipe fatwa mwenyewe. Mwendee sheikh na habari yako kamili. Na usiichanganye hali hiyo na kununua nafasi ambayo mwingine anaistahiki zaidi. Nafasi si haki yako kabla hujashinda kwa sifa. Ukiinunua, umemdhulumu usiyemjua, na kila mshahara utakaopokea utaingia nyumbani na swali lake.

Najua hili ni zito kwa aliye na mama mgonjwa na wadogo wasio na ada. Siliandiki kama mtu asiyeijua njaa. Ninaliandika kwa sababu nchi zetu zimeumizwa sana na watu walioingia kazini kwa mlango wa nyuma, na sisi ndio tunaosema tutazirekebisha.

Kosa la sita: Kupanga peke yetu

Wengine hupanga vizuri, ila hawamshauri mtu wala hawamwombi Mola wao. Jabir (R.A.) amesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwafundisha istikhara katika mambo yote kama anavyowafundisha sura ya Qur'ani. Ni rakaa mbili zisizokuwa za faradhi, kisha dua, kisha unashika njia. Haina sharti la kuota ndoto. Wapo wanaoswali istikhara kisha wakakaa wiki tatu wakisubiri ndoto huku muda wa maombi ukipita.

Na pamoja na istikhara, shauriana. Mtafute mtu mmoja aliyetangulia katika fani yako na mmoja aliyeiacha. Wote wawili wana la kukueleza.

Dada zangu, mashauriano haya ni yenu pia. Mama yetu Khadija (R.A.) alikuwa mfanyabiashara mwenye mali na wafanyakazi. Wagonjwa wa kike wanahitaji madaktari wa kike, wasichana wanahitaji walimu wa kike. Panga pamoja na mlezi wako, na utakapochumbiwa, lizungumzeni jambo la kazi kabla ya nikaha, si baada yake.

Ndugu zangu, kabla ya kufunga naomba kila mmoja achukue karatasi wiki hii na aandike mambo manne: haja moja ya watu aliyoiona kwa macho yake, ujuzi mmoja atakaoumaliza kabla ya muhula kwisha, mtu mmoja atakayemwendea kwa ushauri, na njia moja ya haramu anayoiapia kuwa hataipita hata ikifunguliwa mbele yake. Amalizie kwa insha Allah, kama tulivyofundishwa katika sura ya Kahf, aya ya 23 na ya 24.

Tunaogopa sana maswali ya usaili. Yapo mengine tumeshaambiwa mapema. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) ametueleza kuwa mja hataondoka mahali pake Siku ya Kiyama mpaka aulizwe umri wake aliumalizia katika nini, elimu yake aliifanyia nini, mali yake aliichuma wapi na kuitumia katika nini, na mwili wake aliuchakaza katika nini. Hataulizwa alikuwa na cheo gani. Mpango wa kazi unaoweza kusimama mbele ya maswali hayo manne ni mpango mzuri, uwe wa daktari au wa muuza mboga.

Ewe Mola wetu, turuzuku elimu yenye manufaa, riziki njema na amali yenye kukubaliwa. Watosheleze kwa halali Yako waliopoteza kazi na waliokaa bila mshahara, na uwafungulie kheri wasiyoitazamia. Ijaalie amani Sudan, Sudan Kusini na nchi zetu zote. Wape wazazi wetu umri wa kuyaona matunda ya jasho lao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.